Mashine ya ini haifufui: mlichoandika na kilichopimwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nisahihishe habari mliyoitoa kwenye ukurasa wa afya kuhusu mashine za kuhifadhia maini huko Ulaya. Kichwa kilisema mashine "yafufua maini yaliyokufa". Ndani mkaeleza kwamba ini sasa hukaa nje ya mwili siku tatu, kisha hupandikizwa likiwa bora kuliko lilivyotolewa. Mmechanganya mashine mbili zisizofanana, ya baridi na ya moto, majaribio kadhaa yaliyopima vitu tofauti, na nchi ambazo sheria zake hazilingani. Aliyeisoma habari ile mpaka mwisho atadhani Ulaya kuna kisanduku kimoja ambacho ukitia ini bovu, linatoka zima. Hakipo.

Tuanze na barafu, maana asiyeielewa barafu hawezi kuzielewa mashine. Ini la marehemu linapotolewa, daktari huingiza mrija kwenye aota, mshipa mkuu wa tumboni, akapitisha maji baridi ya kuhifadhia hadi damu ioshwe yote na ini liache wekundu ule tunaouona buchani, libaki na rangi ya udongo iliyofifia. Mrija wa nyongo nao huoshwa kwa uangalifu, kwa sababu nyongo ikisalia ndani huula utando wa mrija. Kisha ini hutiwa ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, na mifuko huzikwa kwenye deli la barafu. Maji yanayotumika sana yalibuniwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, miaka ya 1980, na Folkert Belzer na James Southard. Deli ni rahisi, halihitaji umeme wala fundi, na limeokoa watu wengi. Mashine haikuja kwa kuwa deli limeshindwa kwa kila ini. Limeshindwa kwa aina fulani ya maini, na hapo ndipo habari yenu ilipopotea njia.

Baridi ya nyuzi 4 haisimamishi uhai wa seli. Huupunguza kasi tu. Seli inaendelea kula akiba yake bila oksijeni, na ndani ya mitokondria, vile vinu vidogo vya nguvu, hulundikana taka iitwayo saksineti. Ini likishashonwa kwa mgonjwa na vibanio vya mishipa kufunguliwa, damu ya moto yenye oksijeni huingia ghafla, lundo lile huchomwa kwa pupa, na chembechembe kali za oksijeni hurarua vinu vyenyewe. Kwa hiyo hasara kubwa haitokei ndani ya deli. Hutokea katika dakika za kwanza baada ya vibanio kuachiwa, na kadiri ini lilivyokaa bila hewa ndivyo mlipuko unavyokuwa mkubwa.

Kuna jambo la pili, na ningekuwa mwandishi wenu ningeanza nalo: mirija ya nyongo. Ini hupata damu kwa njia mbili. Robo tatu hivi huja na vena inayotoka utumboni, iliyobaki huja na ateri. Seli za ini hunywa kotekote. Mirija ya nyongo hutegemea ateri peke yake, kupitia vimishipa vyembamba sana vinavyoizunguka. Vimishipa hivyo vikiziba, ini linaweza kuonekana zima kabisa wiki za mwanzo: vipimo vizuri, mgonjwa anakula, anaruhusiwa kwenda nyumbani. Miezi michache baadaye macho yanageuka manjano, mwili unawasha, homa inapanda na kushuka. Picha ikipigwa, mirija iliyo ndani ya ini imesinyaa hapa na kuvimba pale, kama shanga zilizotungwa vibaya. Hutiwa vibomba vya kuipanua, hubadilishwa, hutiwa tena. Wengine huishia kuhitaji ini la pili.

Yanayopatwa zaidi na balaa hili ni maini ya watu ambao moyo wao umesimama kabla ya upasuaji wa kutoa viungo. Aliyekufa ubongo hutolewa ini huku moyo bado unapiga, damu inafika kila mahali. Lakini mtu anapoondolewa kwenye mashine ya kupumulia na moyo ukasimama, madaktari lazima wangoje dakika kadhaa bila kumgusa ili kifo kithibitike. Katika nchi nyingi ni dakika 5. Italia sheria inadai dakika 20. Ujerumani hairuhusu uchangiaji wa namna hii kabisa. Dakika zote hizo ini linakaa la moto bila damu, na mirija ya nyongo ndiyo ya kwanza kuumia.

Sasa mashine ya baridi. Imekuzwa hasa Zurich, Uswisi, na Groningen, Uholanzi. Ini huletwa kwa deli kama kawaida hadi hospitali ya mpokeaji. Pale, wakati mgonjwa anatolewa ini lake bovu, ini jipya huunganishwa na mirija: mmoja kwenye vena, na kwa njia ya Groningen mwingine kwenye ateri, kupitia kipande cha aota kilichoachwa makusudi. Lita 4 za maji maalumu huzungushwa kwa nyuzi 10, yakiwa yamejazwa oksijeni tele. Damu haimo. Presha ni ndogo mno, milimita 25 za zebaki upande wa ateri na 5 upande wa vena, kwa kuwa mishipa iliyopoa ni migumu na ukiipa presha ya mwili utaichubua ndani. Saa 2 zinatosha. Katika saa hizo saksineti huchomwa polepole kwa moto mdogo, vinu vinajaza tena akiba yake ya nguvu, na damu ya moto inapokuja baadaye haikuti lundo la kulipua.

Kazi yenyewe ina mitego ambayo haionekani kwenye picha za magazeti. Mrija wa vena ukisukumwa ndani kupita kiasi huingia tawi moja, upande mmoja wa ini unapata maji na mwingine unabaki mkavu. Utaujua kwa rangi, kwani upande uliokosa unabaki na madoa. Povu la hewa likipita huziba vimishipa vilevile mnavyojaribu kuviokoa. Ini la kilo moja na nusu likilala vibaya, vena hujikunja chini ya uzito wake. Kwa kawaida mtiririko huongezeka kadiri mishipa inavyolegea. Usipoongezeka, kwanza angalia mkunjo, usikimbilie kuongeza presha. Na wapo watu wenye ateri ya ziada ya upande wa kulia inayotoka kwenye mshipa wa utumbo. Hiyo lazima iunganishwe kabla ya kuwasha mashine, la sivyo nusu ya mirija ya nyongo haipati kitu na mtailaumu mashine bure.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Hospitali sita za Uholanzi, Ubelgiji na Uingereza ziligawa wagonjwa 156 kwa kura, nusu ini la deli tupu, nusu ini lililomaliziwa na saa 2 za mashine, na maini yote yalitoka kwa watu ambao moyo ulisimama. Ndani ya miezi sita, mirija iliyosinyaa yenye dalili ilionekana kwa asilimia 18 ya waliopewa ini la deli, na asilimia 6 ya waliopewa la mashine. Presha kuporomoka wakati damu inapoachiwa ilitokea kwa asilimia 27 dhidi ya 12. Angalieni swali lililoulizwa: mirija ya nyongo imeharibika au haikuharibika? Ni swali la mgonjwa, jibu lake linaonekana machoni na kwenye ngozi. Kwa maoni yangu hili ndilo jaribio lililo wazi kuliko yote katika uwanja huu, na nyinyi hamkulitaja hata kwa neno moja.

Mlilolitaja ni la mashine ya moto, tena kwa takwimu zilizokatwa mkia. Mashine hiyo ilitoka Oxford, mikononi mwa daktari mpasuaji Peter Friend na mhandisi Constantin Coussios, na mgonjwa wa kwanza alipandikizwa ini lililopitia humo mwaka 2013, London. Hapa ini haliwi baridi. Linawekwa kwenye nyuzi 37, linazungushiwa damu halisi, chupa tatu za seli nyekundu, pamoja na heparini ya kuzuia kuganda, insulini, chumvi za nyongo, chakula cha kupitishia mshipani na dawa ya kutanua mishipa. Linafanya kazi: linakula sukari, linatoa nyongo kwenye kichupa pembeni. Kulitazama kunavutia, nakiri, na nadhani ndicho kilichowavuta waandishi kwenye neno "kufufua".

Jaribio lake kubwa, lililotoka 2018, lilihusisha hospitali za Uingereza, Ubelgiji, Hispania na Ujerumani, na maini 220 yaliyopandikizwa. Mashine ilipelekwa kwa gari hadi hospitali ya mchangiaji, ini likapanda humo huko huko. Kimeng'enya cha AST kwenye damu ya mgonjwa, kinachoonyesha seli za ini zilizopasuka, kilikuwa nusu ya kile cha waliopewa ini la deli. Maini yaliyotupwa bila kutumika yalipungua kwa nusu. Muda wa kuhifadhi uliongezeka kwa zaidi ya nusu. Hapo ndipo mlipoishia. Kilichofuata katika ripoti hiyohiyo ni kwamba baada ya mwaka mmoja, idadi ya waliokuwa hai na ya maini yaliyokuwa yakifanya kazi haikutofautiana kati ya makundi mawili, na wala mirija ya nyongo haikutofautiana. Simaanishi mashine haina maana. Maini machache yaliyotupwa ni wagonjwa wengi zaidi waliopata ini, na kwa aliye kwenye foleni hilo ni kila kitu. Lakini si habari ile mliyoiandika.

Kuna tofauti nyingine ambayo fundi yeyote angewaambia kabla ya chai kupoa. Pampu ya mashine ya baridi ikizimika, ini lako limerudi kwenye deli. Unatia barafu, unaendelea. Pampu ya mashine ya moto ikizimika, una kilo moja na nusu ya nyama ya moto isiyo na damu, na dakika zinahesabika. Kwa hiyo ya moto inataka mtu karibu, betri zilizopimwa, na mpango wa kulipoza ini haraka ulioandikwa kabla ya safari.

Mbona basi watu wanaitaka ya moto? Kwa kuwa ini la baridi karibu limelala usingizi, ukiliuliza hali yake linajibu kidogo tu. (Zurich wamepata njia ya kuliuliza hata likiwa baridi, kwa kupima mng'ao wa dutu iitwayo flavini inayovuja kutoka kwenye vinu vilivyoumia, lakini hilo ni somo refu.) Ini la moto linajibu mengi. Birmingham walichukua maini 31 ambayo hospitali zote za Uingereza zilikuwa zimeyakataa, wakayaweka kwenye mashine ya moto na kuyapa mtihani: ndani ya saa 4 lakteti, taka ya seli zilizokosa oksijeni, ishuke hadi 2.5 au chini, na zaidi ya hapo yatimie angalau mambo mawili kati ya kutoa nyongo, kula sukari, pH ya damu (kipimo ambacho hushuka uchachu ukizidi) kubaki zaidi ya 7.30, damu kupita kwa kasi inayotosha katika mishipa yote miwili, na ini kuwa na rangi moja kote. Yalifaulu 22 na yakapandikizwa. Siku 90 baadaye wapokeaji wote 22 walikuwa hai. Ripoti ilitoka 2020. Ila wanne kati yao baadaye walihitaji ini lingine, na chanzo kilikuwa mirija ileile ya nyongo. Mtihani uliuliza seli za ini. Mirija haikuulizwa.

Groningen waliliziba tundu hilo kwa jambo dogo ambalo mimi hulipenda. Walipima nyongo yenyewe. Utando wa mirija ukiwa hai humwaga bikaboneti ndani ya nyongo na kuifanya iwe kama maji ya majivu. Ukiwa umekufa, nyongo inatoka vilevile ilivyotengenezwa na seli za ini. Kwa hiyo tone la nyongo likiwa na pH zaidi ya 7.45 ndani ya saa mbili na nusu, mirija iko hai. Likiwa chini ya hapo, hata kama nyongo ni nyingi na lakteti imeshuka vizuri, ini hilo lina kasoro. Wao huanza na saa moja ya baridi ya kulinda, halafu hupasha polepole kwa saa moja, ndipo huuliza maswali kwenye nyuzi 37. Katika hatua hizo walitumia kibeba oksijeni kilichotengenezwa kwa himoglobini ya ng'ombe, kwa sababu seli nyekundu za binadamu hazipendi kuzungushwa zikiwa za baridi. Kwa kifupi, ya baridi hulinda, ya moto huhoji. Ukimwambia mhojaji alinde, au mlinzi ahoji, unapata majibu ya ajabu.

Hispania na Italia wamepita njia nyingine, nayo hamkuitaja. Huko, kifo kikishathibitishwa, damu ya tumboni huzungushwa upya kwa pampu ndani ya mwili wenyewe, huku aota ikiwa imezibwa juu ili damu isifike kifuani wala kichwani. Ini hupata tena oksijeni papo hapo lilipo, na hupimwa kabla ya kutolewa. Uchunguzi wa Hispania uliotoka 2019 ulilinganisha maini 95 ya njia hiyo na 117 yaliyotolewa kwa haraka moja kwa moja kwenye baridi. Mirija iliyosinyaa ndani ya ini ilikuwa asilimia 2 dhidi ya 13. Haukuwa mgao wa kura, hospitali zilichagua zenyewe, kwa hiyo uzito wake ni pungufu. Hata hivyo tofauti kama hiyo si rahisi kuifukia. Waitalia, pamoja na dakika zao 20, bado wanapata maini yanayotumika, na bila pampu ile nina shaka wangethubutu.

Zile siku tatu. Ni kweli zilitokea: Zurich, mwaka 2021, ini moja, mgonjwa mmoja, ripoti ikatoka 2022. Mashine ile si hii inayouzwa hospitalini. Ina figo ya bandia ya kusafisha taka, ina homoni za kongosho za kupandisha na kushusha sukari, na hata hulisukuma ini kidogo mbele na nyuma kuiga mwendo wa kiwambo mtu anapopumua, ili sehemu zilizolaliwa zisioze. Ini hilo lilikuwa limekataliwa kwingine kote, na siku zile tatu zilitumika kulitibu kwa dawa na kuchunguza uvimbe uliokuwamo. Kazi kubwa. Lakini kuandika "ini sasa hukaa siku tatu" ni kama kumwona mtu mmoja akivuka bahari ya Zanzibar kwa kuogelea ukaandika kwamba boti hazihitajiki.

Nawaomba pia, mnapoandika tena, mtaje kipimo. Mfano mzuri ni jaribio jingine la mashine ya baridi lililoongozwa na Zurich, hospitali 10 za Ulaya, wagonjwa 170, maini ya waliokufa ubongo, lililotoka 2023. Walichagua kuhesabu kila tatizo kubwa baada ya upasuaji, liwe la ini, la mapafu au la kidonda, kwa ngazi maarufu iliyobuniwa hospitali hiyohiyo na iitwayo kwa jina la mkuu wao wa wakati huo, Pierre-Alain Clavien. Kwa kipimo hicho makundi hayakutofautiana, na jaribio likahesabiwa kuwa halikufanikiwa. Ukiangalia matatizo yanayotokana na ini peke yake, kundi la deli lilipoteza maini 6, la mashine halikupoteza hata moja. Nani mkweli? Wote wawili. Mgonjwa aliyepandikizwa huugua kwa sababu mia, na mashine inayolishughulikia ini haiwezi kuzuia nimonia. Walijiwekea wavu mpana mno kwa samaki waliyemtaka. Na kwa maini mazuri ya waliokufa ubongo, deli lenyewe hufanya kazi nzuri kiasi kwamba ni vigumu kulishinda.

Mwandishi wenu alimalizia kwa kuuliza lini mashine hizi zitafika kwetu. Swali hilo lilihitaji aya moja ya maelezo. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanaopandikizwa ini hupelekwa India, na huko kwa sehemu kubwa ini hukatwa kutoka kwa ndugu aliye hai. Chumba cha mtoaji na cha mpokeaji vinapakana, kipande hakikai sana kwenye barafu, mlipuko nilioueleza ni mdogo. Anayejiandaa kumpeleka mzazi wake huko asiikatae hospitali kwa kuwa haina mashine. Aulize mambo mengine: uzito wa kipande kitakachokatwa ukilinganishwa na uzito wa mgonjwa, mtoaji atabakiwa na kiasi gani cha ini, mirija ya nyongo ya kipande hicho ni mingapi, kwa maana ikiwa miwili au mitatu kila mmoja unashonwa peke yake na kila mshono ni mahali pa kuvuja.

Na picha mliyoiweka, Mhariri, ile yenye maelezo "ini likipumua ndani ya mashine". Kiungo kile kina ukubwa wa ngumi, kimeinama kama haragwe, na kimeingiziwa mrija mmoja. Ni figo.

Msomaji wenu,
Uholanzi